Pedeli ya breki ya nyuma ikinata: mwongozo kamili wa kuirekebisha kwenye pikipiki ya zamani

Unakanyaga breki ya nyuma, pedeli inashuka, halafu inabaki hukohuko chini. Unaiinua kwa ncha ya kiatu na safari inaendelea. Madereva wengi wa Dar es Salaam wenye pikipiki iliyokula miaka wamezoea kuiinua hivyo bila hata kufikiri. Wengi pia wameshaitibu kwa njia moja: oili chafu kidogo juu ya pedeli, au WD-40 ya kupuliza. Inalegea, inafurahisha siku mbili tatu, kisha inanata tena.

Inarudia kwa sababu mafuta yalimwagwa kabla ya kujua panaponata. Kati ya unyayo wako na breki shuu (vipande viwili vya nusu duara vinavyotanuka ndani ya tairi na kulisimamisha) kuna sehemu kadhaa zinazoweza kukwama, na ile inayokwama mara nyingi zaidi haionekani mpaka tairi litoke. Kwa hiyo hapa tunaanza kwa kutafuta. Kufungua kunafuata.

Mwongozo huu ni wa breki ya dramu inayovutwa kwa rodi ya chuma, ya aina iliyopo kwenye Honda CG125, Boxer BM na pikipiki nyingi za kazi. Kama yako ina diski nyuma na kikopo cha mafuta ya breki, usifuate hatua hizi, na usitie oili wala grisi kwenye mfumo wake. Raba za ndani zitavimba na breki itaharibika zaidi.

## Kwa nini usiendelee kuinua kwa kiatu

Pedeli iliyobaki chini nusu maana yake shuu zinasugua dramu (bakuli la chuma lililo ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi) safari nzima. Habu linachemka, grisi ya beringi inalainika na kutoka, petroli inaliwa bure, na pikipiki inakuwa nzito kupanda hata kimlima kidogo. Siku ya mvua, tairi la nyuma linaweza kujifunga kwenye lami yenye utelezi ukiwa na abiria mgongoni.

Hatari inayosahaulika ni taa. Pedeli ikiwa chini, taa ya breki inawaka muda wote. Daladala iliyo nyuma yako kwenye Barabara ya Morogoro haiwezi kujua ni lini umesimama kweli.

## Vifaa: viweke vyote chini kabla ya kugusa nati

- Spana za 10, 12 na 14, pamoja na ya nati ya ekseli. Pima yako kwanza, kwa kawaida ni kati ya 17 na 24.
- Plaizi ya kawaida na plaizi yenye mdomo mrefu.
- Bisibisi bapa.
- Nyundo na kipande cha mbao ngumu.
- Brashi ya waya na mswaki mkuukuu.
- Msasa laini, namba 400, kwa vipini. Na msasa wa namba 120 kwa shuu na dramu.
- Mafuta ya taa ya kuoshea vyuma. Kwa dramu na shuu tafuta spiriti, au dawa ya kopo ya kusafishia breki.
- Grisi ya beringi inayostahimili joto. Kikopo kidogo kinatosha kazi nyingi.
- Splitipini mpya. Ya zamani haikunjwi mara ya pili.
- Springi mpya ya kurudisha pedeli.
- Barakoa, glovu, matambara makavu, na sahani ya kuwekea nati.
- Simu ya kupigia picha, na chaki au rangi ya kucha ya kuwekea alama.

Springi na shuu ukizifuata Kariakoo, nenda na za zamani mkononi. Ukitaja jina la pikipiki tu unaweza kupewa shuu ya kipenyo kinachofanana kwa macho lakini kinachotofautiana kwa milimita chache, na milimita hizo ndizo zitakazokurudisha dukani.

Mahali pa kazi pawe na sakafu ngumu na kivuli. Kama uko Kivule, Chanika au Mbagala na uwanja wote ni mchanga, tandika turubai. Chembe za mchanga zikiingia kwenye grisi mpya zitakula kipini, na kazi yote itakuwa bure.

Tenga nusu siku. Usifanye kazi hii saa moja jioni ukitegemea kuingia barabarani saa mbili. Kama una hesabu ya kupeleka kwa mwenye chombo, mweleze mapema kwamba siku hiyo pikipiki iko matengenezoni.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba breki ndiyo inayonata

Acha pikipiki ipoe. Habu lililotoka kazini linaunguza, kwa hiyo usilijaribu kwa kiganja. Dondoshea tone la maji: likichemka, subiri.

Simamisha kwa stendi kubwa ili tairi la nyuma lining'inie, na weka jiwe au kipande cha mbao mbele ya tairi la mbele. Stendi ndogo ya pembeni haifai hapa. Weka gia huru.

Zungusha tairi kwa mkono na usikilize. Kanyaga pedeli kwa nguvu, iachie, zungusha tena. Tairi likizunguka vizuri kabla ya kukanyaga na likawa zito baada ya kuachia, breki inanata. Likiwa zito tangu mwanzo, legeza nati ya kurekebishia breki iliyo mwisho wa rodi kwa mizunguko mitatu, ujaribu tena. Ikiwa sasa tairi linazunguka na pedeli inarudi, breki ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Nenda moja kwa moja Hatua ya 6, huna haja ya kufungua kitu.

Usiliache jambo hili likupite. Ukikaza cheni, tairi linasogea nyuma, na rodi ya breki inavutwa pamoja nalo. Wengi wanakaza cheni kijiweni, wanaondoka, na kesho yake wanalalamika kwamba pedeli imeanza kunata.

## Hatua ya 2: Tenganisha pedeli na tairi

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote, na bila hiyo nyingine zote ni kubahatisha.

Piga picha upande wa breki. Fungua nati ya kurekebishia hadi itoke, vuta rodi itoke kwenye mkono wa kamu (ule mkono mfupi uliosimama kwenye sahani ya breki, kifuniko cha dramu pembeni ya tairi; kamu yenyewe ni shafti inayogeuka na kuzitanua shuu). Kuna kipini kifupi cha duara kinachopita kwenye tundu la mkono huo, na springi iliyovaa rodi. Vikusanye visipotee.

Sasa breki imegawanyika pande mbili zisizogusana, na unapima kila upande peke yake.

Upande wa pedeli. Isukume chini kwa mkono na uiachie. Pedeli isiyo na kasoro inapanda yenyewe mara moja, hadi juu, na kugonga kizuizi chake. Ikipanda polepole, ikiishia katikati au ikibaki chini, ugonjwa uko hapa.

Upande wa tairi. Shika mkono wa kamu, usukume kuelekea mbele, ule upande rodi inakouvuta, hadi usikie shuu zimegusa dramu, kisha uachie. Mkono usio na kasoro unaruka kurudi. Ukirudi kwa uzembe, au ukibaki pale ulipouacha mpaka uurudishe mwenyewe, kamu imekwama ndani ya sahani.

Mara nyingi kwenye pikipiki ya zamani utakuta pande zote mbili zina kasoro, lakini upande wa tairi umezidi. Ndiyo maana oili ya kwenye pedeli haiponyi: inalainisha upande usio na kosa kubwa.

Kama pande zote zinarudi vizuri zikiwa zimetengana, angalia rodi. Ilaze juu ya meza uone kama imepinda. Rodi iliyopinda inagusa fremu au bomba la ekzosi pedeli inaposhuka. Angalia pia kama ile springi ya kwenye rodi ipo. Kazi yake ni kuusukuma mkono wa kamu urudi, na kwenye pikipiki zilizopita mikononi mwa mafundi wengi huwa imeshapotea bila mtu kuiulizia.

## Hatua ya 3: Upande wa pedeli

Chomoa kwanza springi ndogo inayoivuta swichi ya taa ya breki. Ukiisahau, utaivunja swichi. Kisha chomoa springi kubwa ya kurudisha pedeli kwa plaizi, ukigeuza uso pembeni, maana inaruka.

Pedeli hufungwa kwa mojawapo ya njia mbili. Zipo zinazovaa kwenye kipini kilichochomelewa kwenye fremu na kushikwa na bolti, splitipini au klipu ya duara. Na zipo ambazo shafti ya pedeli inapenya kwenye bomba la fremu na kufungwa upande wa ndani kwa mkono wenye meno. Kama yako ni ya pili, weka alama ya rangi ya kucha kwenye shafti na kwenye mkono kabla ya kuvitenganisha. Ukikosea jino moja wakati wa kurudisha, pedeli itakaa juu sana au chini sana.

Pedeli isipotoka, usiipige kwa nyundo tupu. Tia mafuta ya taa kwenye maungio, subiri robo saa, ichezeshe kulia na kushoto, kisha gonga kwa kupitia kipande cha mbao.

Ndani utakuta tope jeusi gumu: grisi ya miaka iliyochanganyika na vumbi na maji ya mvua. Likwangue, osha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha. Kutu kwenye kipini iondoe kwa msasa wa 400, ukizungusha kukifuata kipini. Usisugue kwa urefu, mikwaruzo ya urefu inashika uchafu. Viringisha msasa huohuo kwenye kijiti usafishe na tundu la pedeli.

Vaa pedeli kwenye kipini kikavu, bila grisi, uijaribu. Lazima izunguke bila kukwama mahali popote. Ikicheza sana kulia na kushoto, tundu limeliwa na kuwa la yai. Grisi haitalijaza. Fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kulipanua na kutia bushi.

Tia grisi kwenye kipini na ndani ya tundu, rudisha washa (ringi bapa za chuma) zote kama picha inavyoonyesha, na funga. Weka springi mpya. Springi ya zamani ambayo mapindo yake yameachana hata ikiwa haijavutwa imechoka. Kuikata ndoano moja ili iwe fupi si dawa: inavuta kwa nguvu siku za kwanza, kisha inakatika ukiwa njiani.

Ukifanikiwa: pedeli inapanda yenyewe na kugonga kizuizi kwa sauti, hata ukiishusha polepole na kuiachia polepole.

## Hatua ya 4: Upande wa tairi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usiharakishe.

### Kutoa tairi

Kariri mistari ya kwenye virekebishi vya cheni, pande zote mbili, au ipige picha. Fungua nati na bolti ya mkono wa kushikilia sahani (lile bapa la chuma linalotoka kwenye sahani ya breki kwenda kwenye fremu), ukitoa kwanza splitipini yake. Fungua nati ya ekseli, legeza virekebishi, sukuma tairi mbele, vua cheni, kisha chomoa ekseli. Bushi za pembeni zitaanguka, kumbuka ipi ilikuwa upande upi.

Sahani ya breki sasa inatoka kwa mkono pamoja na shuu zake.

Vaa barakoa kabla hujaigusa. Vumbi jeusi lililomo ni la lainingi (tabaka la juu ya shuu linalosugua dramu) iliyosagika, na lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, futa kwa tambara, na tambara litupe.

### Kutoa shuu na kamu

Weka alama ipi ni shuu ya juu na ipi ya chini, na upande unaotazama nje. Zishike kwa mikono miwili na uzikunje kuelekea katikati, kama unavyofunga kitabu, zitatoka pamoja na springi zake.

Geuza sahani. Mkono wa kamu umeshikwa na bolti moja, mara nyingi ya spana 10. Itoe bolti yote, usiishie kuilegeza, kwa kuwa inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, na mkono hautoki ikiwa bado imo. Kabla ya kuuvuta, tafuta alama za nukta kwenye ncha ya shafti na kwenye mkono. Usipoziona, weka zako. Chini ya mkono kuna kibapa chenye mshale wa kuonyesha shuu zilivyoliwa, na chini yake raba au kitambaa kinene cha kuzuia vumbi.

Sasa sukuma shafti ya kamu itokee upande wa ndani. Ikigoma, huyo ndiye mwizi wako. Tia mafuta ya taa pande zote mbili, rudisha mkono kwa muda, uzungushe huku na huku kidogo kidogo. Ukipata robo mzunguko, ongeza mafuta. Usigonge ncha ya shafti kwa nyundo tupu, itatanuka kichwa na haitapita tena kwenye tundu. Usiichome kwa moto pia: sahani ni ya aluminiamu, inapinda.

### Kusafisha na kutia grisi

Shafti isugue kwa msasa wa 400 hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Tundu lake pia, kwa msasa ulioviringishwa kwenye kijiti. Osha, kausha. Ingiza shafti kavu: inapaswa kuzunguka kwa vidole viwili. Kama bado inashika, rudia kusugua. Usiishinde kwa grisi.

Ikishazunguka, tia utando mwembamba wa grisi ya joto kwenye shafti, kidogo sana kwenye nyuso za kamu zinazosukuma shuu, na kidogo kwenye kipini cha upande wa pili ambako shuu zinaegemea. Ingiza, zungusha, kisha futa yote iliyojitokeza nje. Kitambaa cha kuzuia vumbi kiloweshe kwa matone machache ya oili ya injini. Kama ni raba iliyopasuka, badilisha.

Tahadhari kubwa: grisi ikizidi, joto la breki litaiyeyusha na itateremka kwenye lainingi. Utakuwa umeondoa kunata na kuondoa breki pamoja nako.

### Shuu, springi na dramu

Lainingi iliyobaki chini ya milimita 2 imekwisha. Iliyong'aa kama kioo lakini bado nene, isugue kwa msasa wa 120 hadi iwe na uso wa kukwaruza. Iliyolowa oili au grisi, tupa. Kuna wanaoichoma kwa petroli ili ikauke. Mafuta yaliyoingia ndani hayatoki kwa moto, na gundi inayoshika lainingi inaungua.

Springi za shuu zinastahili jicho lako zaidi ya kitu kingine, kwa sababu ndizo zinazozirudisha shuu na kuirudisha kamu. Mapindo yawe yamebanana yote. Ndoano isiwe imenyooka. Seti mpya ya shuu mara nyingi huja na springi zake. Tumia hizo mpya.

Dramu ifute kwa spiriti. Kutu jepesi litoe kwa msasa. Usitumie mafuta ya taa hapa, yanaacha utando. Ndani ya dramu nyingi kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye chuma. Ukiweza kukipima, pima. Ukihisi ukingo mkubwa kwa kucha, pale shuu zinapoishia, dramu limeliwa. Ukiwa hapo, ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ikikwaruza, ibadilishe sasa wakati tairi liko nje.

### Hila mbili za kukataa

Shuu zikiisha, kuna fundi atakayekuambia usinunue, atakuwekea kipande cha bati kati ya kamu na shuu. Kataa. Bati likichomoka linaingia kati ya shuu na dramu, na tairi linafunga.

Hila ya pili ni kuuhamisha mkono wa kamu jino moja nyuma ili breki ishike tena. Mshale wa kuonyesha ulaji unakuwa hauna maana, na kamu inaweza kugeuka kupita kiasi hadi ilale na isirudi. Pedeli nyingi zinazonata ghafla, zikiwa chini kabisa, chanzo chake ni hiki.

Ukifanikiwa: sahani ikiwa mkononi, na shuu na springi zimeshafungwa, ukisukuma mkono wa kamu shuu zinatanuka, na ukiachia zinafunga kwa kishindo kidogo.

## Hatua ya 5: Kurudisha tairi

Ingiza sahani kwenye habu, inua tairi mahali pake, vaa cheni, penyeza ekseli pamoja na bushi zake. Nati ya ekseli iache ikiwa imeshika tu.

Funga mkono wa kushikilia sahani sasa hivi, na utie splitipini mpya. Ninasisitiza kwa moyo wote: mkono huu ukifunguka barabarani, sahani nzima itazunguka na tairi mara utakapokanyaga breki, rodi itajisokota, na tairi litafunga hapohapo. Kabla hujafikiria jambo lingine, uguse, uutikise.

Rudisha rodi: springi yake, kipini cha duara kwenye tundu la mkono wa kamu (kipake grisi kidogo), na nati ya kurekebishia. Ile nati ina upande uliochongwa mviringo, na upande huo unakaa kwenye kipini. Ukiigeuza kinyume itajilegeza yenyewe.

Weka cheni kwenye mistari uliyoikariri, sawa kulia na kushoto. Halafu mwombe mtu akanyage breki na aishikilie, wewe ukikaza nati ya ekseli kabisa. Breki ikiwa imekanyagwa, shuu zinaivuta sahani ikae katikati ya dramu. Ukikaza bila hivyo, shuu moja itagusa na nyingine itakuwa mbali.

## Hatua ya 6: Kurekebisha, kwa mpangilio huu

Kwanza urefu wa pedeli. Kaa juu ya pikipiki, weka mguu mahali pake. Pedeli iwe chini kidogo ya unyayo, ili mguu usiipumzikie bila kujua. Bolti ya kizuizi ndiyo inayoamua.

Pili plei, yaani umbali ambao pedeli inashuka kabla shuu hazijagusa dramu. Kwa pikipiki nyingi za dramu ni milimita 20 hadi 30 ukipimia kwenye ncha ya pedeli. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Kaza nati ya rodi kupunguza, legeza kuongeza. Itazame kila mara nati ikae kwenye kipini chake, isibaki nusu.

Tatu, pima ukiwa na mzigo. Mkalishe mtu nyuma na wewe mbele, pikipiki ikiwa chini, halafu gusa pedeli. Kwenye pikipiki nyingi rodi inajivuta shokomzoba zinaposhuka. Plei iliyokuwa sawa bila abiria inaweza kwisha kabisa ukipakia, na wewe huna safari nyingi zisizo na abiria. Ongeza kidogo mpaka plei ibaki hata mkiwa wawili.

Nne taa. Taa iwake muda mfupi kabla breki haijaanza kushika. Shika mwili wa swichi usizunguke, geuza nati yake tu.

Mwisho, kanyaga breki na uangalie pembe kati ya rodi na mkono wa kamu. Isizidi nyuzi 90. Ikizidi, na mshale wa ulaji umefika kwenye alama ya mwisho, shuu hizo zimekwisha hata kama bado zinashika.

## Hatua ya 7: Majaribio

Anza kwenye mtaa mtulivu, kwa kilomita 20 kwa saa. Kanyaga taratibu, simama, achia, sukuma pikipiki kwa miguu. Isogee bila kuvutwa.

Kisha nenda kilomita chache ukitumia breki kama kawaida. Simama, jaribu habu kwa tone la maji. Vuguvugu ni sawa. Maji yakichemka, plei ni ndogo, rudi Hatua ya 6. Baada ya hapo kagua tena nati ya ekseli na mkono wa kushikilia.

Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Kwa kilomita 100 hadi 200 za mwanzo acha nafasi kubwa mbele yako na usibebe mshikaki (abiria zaidi ya mmoja).

## Mazingira ya hapa yanayoikausha grisi

Hewa ya chumvi ya Kigamboni na Kunduchi inakishikisha kipini kutu mapema kuliko bara. Wabeba samaki kutoka soko la Feri wana shida zaidi: maji ya barafu yenye chumvi yanayodondoka kutoka kwenye ndoo yanaishia kwenye sahani ya breki. Kama ndiyo kazi yako, mwagia sehemu hiyo maji safi yasiyo na chumvi kila jioni.

Anayekuoshea pikipiki mwambie asielekeze maji ya presha kwenye habu, wala kwenye maungio ya pedeli. Akitaka kupulizia dizeli ili ing'ae, mkataze upande wa tairi la nyuma. Dizeli inasafisha grisi na inapenya hadi kwenye shuu.

Pedeli ipake grisi kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Kamu ifunguliwe kila unapobadilisha shuu, hata kama hainati. Na kila ukikaza cheni, pima plei palepale kabla hujawasha injini.

## Ikinata tena baada ya yote haya

Inanata asubuhi tu, baada ya mvua ya usiku. Dramu limeshika kutu jepesi na shuu zimejibandika. Sukuma pikipiki mbele na nyuma mpaka ziachie, kisha kanyaga breki kidogo kidogo mita za mwanzo ili zikauke.

Inanata ikipata moto tu. Ongeza plei kwanza. Isiposaidia, tundu la kamu bado linabana, irudie Hatua ya 4 na msasa.

Inanata ukipakia tu. Rodi inajivuta. Pima tena mkiwa wawili.

Inanata ikifika chini kabisa tu. Kamu inapitiliza. Tazama mshale wa ulaji, na uangalie alama za nukta kama kuna mtu aliwahi kuuhamisha mkono.

Mkono wa kamu unazunguka peke yake bila shafti. Meno yamekwisha. Badilisha mkono na kamu kwa pamoja, kwa sababu meno mapya yakikutana na yaliyoliwa hayadumu, na usikubali vichomelewe. Mpaka vipatikane, pikipiki ibaki nyumbani.